Deni la Mtu Asiye na Hatia

Mpwa wangu ana mteja mmoja ambaye hachoki kumtetea. Mteja mwenyewe hayupo duniani. Ni Bucky Barnes, yule askari wa mkono wa chuma katika filamu za Captain America, na kila filamu hizo zikirudiwa sebuleni kwetu kesi yake husikilizwa upya. Hoja ya utetezi ni fupi: Bucky hana kosa. Adui walimwokota vitani akiwa nusu mfu, mkono mmoja hana, wakampachika wa chuma. Wakamfuta kumbukumbu kwa umeme, wakawa wanamgandisha kwenye baridi kali na kumtoa pale tu palipokuwa na mtu wa kuuawa. Mwenye kitabu chekundu akimsomea maneno kumi ya Kirusi, yule kijana aliyekulia Brooklyn anatoweka, unabaki mwili unaotii. Bunduki haipandishwi kizimbani, anasema mpwa wangu. Anayepandishwa ni aliyeifyatua.

Ni hoja nzuri. Ningekuwa hakimu ningemwachia Bucky kabla ya chai ya saa nne. Kinachonitatiza ni kwamba mteja haafikiani na wakili wake. Katika filamu ya mwaka 2016, Civil War, rafiki yake Steve Rogers anamliwaza ndani ya ndege. Anamwambia kwamba yale ya miaka ile hayakuwa yake, hakuwa na hiari. Bucky anajibu kwamba hilo analijua, lakini aliyeyatenda ni yeye. Basi. Hakuna hotuba wala machozi, na kwangu mimi jibu hilo fupi lina uzito kuliko magari yote yanayorushwa hewani kabla na baada yake.

Baadaye, ndani ya ngome iliyozungukwa na theluji huko Siberia, shujaa mwenzake Steve, Tony Stark, anaonyeshwa picha za kamera ya barabarani za Desemba 16, 1991. Anamwona Bucky akimuua baba yake, kisha akimkaba mama yake hadi roho inamtoka. Steve anajaribu kumweleza kuwa akili ya Bucky ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Tony hataki kusikia. Hapo mpwa wangu humzomea, humwita mjinga. Mimi nashindwa kumzomea. Tony anakosea kutaka kuua, hilo halina mjadala. Lakini anachokiona kwenye kioo kile si nadharia ya hiari ya mwanadamu. Ni mkono kwenye shingo ya mama yake, na mwenye mkono huo amesimama hatua chache kutoka alipo. Maelezo ya Steve ni ya kweli kabisa, na hayamrudishii mtu mama.

Waandishi wa hadithi hiyo walilifikiria jambo hili zaidi kuliko tunavyowasifu. Katika tamthilia ya televisheni ya mwaka 2021, The Falcon and the Winter Soldier, Bucky keshapewa msamaha wa serikali. Kisheria amekwisha. Ila usiku analala sakafuni na jinamizi linamtesa, na mfukoni ana daftari lenye orodha ya majina ya watu anaotakiwa kuwaendea na kuyamaliza. Jina moja ni la mzee wa Kijapani, Yori, jirani yake anayekwenda kula naye. Mwana wa Yori aliuawa kwa sababu moja tu: alipita mahali pasipofaa akaona asichotakiwa kuona. Mzee hajui kwamba anakula na muuaji wa mwanawe. Bucky anamzunguka muda mrefu, anamfanyia wema huu na ule, lakini mwisho anabisha hodi na kumwambia ukweli. Mzee anauliza kwa nini. Bucky anasema hakuwa na hiari. Hakuna kukumbatiana. Nawashukuru watunzi kwa kutunyima kumbatio hilo, maana mtunzi mvivu angetupa.

Tazama mpangilio wa maneno. Kwanza anasema aliyeua ni yeye, ndipo anaeleza kwamba hakuwa na hiari. Angeanza na la pili, lingekuwa kisingizio na mlango ungefungwa usoni pake. Likija baada ya ungamo linakuwa taarifa anayostahili kuipata mfiwa.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tulifundishwa jambo la karibu na hili kabla hata ya kujua filamu ni nini. Aliyeua kwa bahati mbaya hahesabiwi kuwa muuaji wa kukusudia. Hana kisasi juu ya shingo yake. Hata hivyo familia ya marehemu inalipwa dia, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe, na aliyeua anatakiwa aache huru mtumwa. Asipoweza, afunge miezi miwili mfululizo. Nikiwa mtoto niliona ni uonevu. Kama mtu hakukusudia, miezi miwili ya njaa ya nini? Siku hizi naona mantiki yake upande wa mfungaji mwenyewe. Mtu aliyesababisha kifo bila kutaka anaambiwa na kila mtu “usijilaumu”, na kila akiambiwa hivyo anazidi kubaki peke yake na jambo lake. Funga inampa kazi ya kufanya. Inamwambia kwamba alichokihisi si wazimu, kisha inamwonyesha tarehe ya mwisho.

Kulazimishwa ni jambo zito zaidi kuliko bahati mbaya, kwa kuwa aliyelazimishwa anajua anachokifanya. Hapo sheria zinakunja uso. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ile ya Kenya, inamwondolea lawama aliyetenda kosa akiwa ametishiwa kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, muda wote wa tendo lenyewe. Tishio la kuumizwa siku za usoni halimsaidii. Uingereza ni wakali zaidi: mahakama yao ya juu iliamua mwaka 1987 kwamba kulazimishwa si utetezi kwa mtu aliyeua. Na wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio tunaowafuata pwani hii, wengi wao wanamtia hatiani aliyelazimisha na aliyelazimishwa kuua pia, kwa hoja kwamba roho yako si bora kuliko roho ya mwenzako hata uinunue kwayo.

Hadithi za kubuni hukimbia ugumu huu kwa ujanja mmoja. Zinatengeneza mashine. Maneno kumi yakisomwa, mtu ametoka. Yakiondolewa, mtu amerudi, na kwa Bucky, katika nchi ya kubuni ya Wakanda, yanaondolewa kabisa. Mpaka uko wazi kama swichi ya taa, nasi tunaweza kumpenda shujaa bila kuchafuka. Kasumba ya kweli haina swichi. Mtu hutiwa kidogo kidogo, hupewa kipigo leo na cheo kesho, na siku ikifika ya kuulizwa ni amri ipi ya mwisho uliyoitii kwa hofu na ipi ya kwanza uliyoitoa kwa kupenda, hata yeye hawezi kujibu.

Ebrahim Hussein hakutumia mashine. Katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, mganga wa Rufiji anapandwa na pepo Hongo, na kwa kinywa chake watu wanaahidiwa maji yatakayowakinga na risasi za Wajerumani. Akizinduka hajui alichokisema, na akielezwa anashtuka, maana ndani ya ahadi hiyo kulikuwa na neno la kuwafanya watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Watu wanakwenda vitani na maji yake, wanakufa. Sijui mhusika mwingine katika fasihi yetu mwenye utetezi ulionyooka kama huu: aliyesema ni pepo, mwulizeni pepo. Gerezani mwenzake Kitunda anamsihi akane, atamke kwamba maji yalikuwa uongo, ajiokoe. Anakataa. Sababu yake ni ya kisiasa kuliko ya kimaadili, hataki watoto wa baadaye waambiwe kwamba kupigana kulikuwa kosa. Hata hivyo hakimbilii mgongoni mwa Hongo. Neno lililopita kinywani mwake analibeba hadi kifoni.

Kesi halisi inayonirudisha kwenye maswali haya kila mara ni ya Dominic Ongwen. Alitekwa na LRA, jeshi la Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda akiwa njiani kwenda shule, mtoto wa miaka kama tisa. Alikua humo, akapanda vyeo hadi kuongoza brigedi ya Sinia, na wapiganaji aliowaongoza walishambulia kambi za wakimbizi za Odek, Lukodi na Abok. Desemba 2016, kesi yake ilipoanza The Hague, aliwaambia majaji kwamba LRA si yeye. Yeye ni mmoja wa waliotendewa ukatili na LRA. Mawakili wake wakaleta hoja za kulazimishwa na za ugonjwa wa akili. Majaji wakazikataa zote mbili. Waliona kamanda aliyejiamini, ambaye wakati mwingine alimpinga hata Kony, na aliyepata nafasi za kutoroka. Februari 2021 walimtia hatiani kwa mashtaka 61 kati ya 70, na Mei wakampa miaka 25. Utoto ulioporwa, walieleza, ndio uliomwepusha na kifungo cha maisha.

Nakubaliana na majaji, ingawa si kwa furaha. Kinachoniuma ni kwamba mahakama ilimlazimu kuchagua kauli moja: ni mimi, au si mimi. Mtu aliyeingia katika hali hiyo akiwa wa darasa la pili au la tatu anahitaji kusema zote mbili, na kizimbani kila neno la kwanza hugeuzwa ushahidi na kila la pili huitwa hila.

Waacholi wenyewe, kabila la Ongwen, wana utaratibu unaotenganisha mambo hayo mawili. Aliyerudi kutoka porini hukanyaga yai bichi kwenye lango la boma ndipo aingie, na maelfu ya vijana waliotoroka LRA wamepokewa hivyo. Yai halimwulizi alifanya nini huko. Hiyo ni karibu nyumbani, na inatolewa bure. Mato oput ni jambo jingine na huja baadaye, ikiwa kuna damu iliyomwagika: wazee wanakaa kati, kifo kinatajwa, aliyeua anakiri, fidia inapatanwa, ndipo pande mbili zinakunywa pamoja maji ya mzizi mchungu wa oput. Napenda kwamba kukaribishwa hakungoji malipo, na kwamba kukaribishwa hakufuti malipo. Upande wa Ongwen uliomba njia hiyo izingatiwe katika adhabu. Majaji walikataa, na walikuwa na sababu: si waathirika wote ni Waacholi, Abok iko Lango, na mtu hawezi kunywa mzizi wa kabila jingine kwa amri ya mahakama. Nami naongeza yangu. Mato oput huanza kwa kukiri, na yeye alikuwa amekana kila kitu.

Februari 2024 mahakama iliagiza waathirika wafidiwe zaidi ya euro milioni 52. Ongwen hana senti, kwa hiyo mfuko wa waathirika umeachiwa kazi ya kuzitafuta kwa wahisani. Yeye yuko Norway, anakotumikia kifungo. Kony, ambaye jeshi lake lilimteka njiani kwenda shule, alitolewa hati ya kukamatwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2005, na bado hajatiwa mbaroni.