Kwa Sheria Ipi, Mheshimiwa?

Ndugu zangu wa Ifakara, wa Kibaoni, wa Mang'ula, wa Mngeta na Mlimba, na ninyi wa ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi, fungueni kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi wamesimama: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Hawako kisimani wakinung'unika. Wamesimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na umati wote. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa utaratibu uliopo, urithi utakwenda kwa wengine na jina la mzee litafutika. Wanataka kujua kwa nini.

Angalieni walivyoanza. Kabla ya kudai chochote walitangaza kwamba baba yao hakuwa katika kundi la Kora, wale waliomwasi Musa. Walijua watu, mabinti hawa! Walijua kwamba mnyonge akifungua mdomo mbele ya wakubwa, neno la kwanza atakalotupiwa ni "mwasi". Wakalijibu kabla halijasemwa. Na Musa, mtu aliyeongea na Mungu uso kwa uso, hakuwaambia, "Ninyi mmetumwa na nani?" Hakuwaita wachochezi. Hakuagiza mgambo wawatoe mkutanoni. Jibu hakuwa nalo, akalipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Sikieni vizuri: Torati yenyewe iliongezwa kifungu kwa sababu wanawake watano waliuliza hadharani. Kama sheria iliyotoka Sinai iliweza kuulizwa, tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji limekuwa takatifu lini?

Sasa twende kwenye mkutano wetu. Mbiu imepigwa jana jioni, watu wamekaa chini ya mwembe, akina mama upande wao, vijana wamesimama nyuma wakiegemea pikipiki. Mtendaji wa kijiji amechelewa, faili kwapani. Kabla ya ajenda inazungushwa karatasi ya mahudhurio. Ni karatasi ya daftari, imechorwa safu tatu kwa rula: namba, jina, sahihi. Mzee anaiweka juu ya goti, anaandika jina lake polepole kwa herufi kubwa. Mama wa pili hajui kuandika, anabonyeza dole gumba na kujifuta wino kwenye pindo la kanga. Karatasi inapita mkono kwa mkono. Juu kabisa, pale pa kichwa cha habari, hapajaandikwa kitu.

Wangapi kati yenu mmewahi kuuliza karatasi ile inakwenda kubanwa kwenye muhtasari gani? Maana karatasi isiyo na kichwa huweza kushonwa kichwa chochote. Leo umesaini kwamba ulikuwepo. Baada ya miezi mitatu unaonyeshwa kwamba "mkutano uliridhia kwa kauli moja" eneo la malisho ligawiwe, au kila kaya itoe mchango wa kiasi fulani. Ukilalamika, unanyooshewa kidole gumba chako mwenyewe. Na kweli uliitikia. Uliulizwa, "Tunakubaliana?" ukapiga makofi, kwa sababu jua lilikuwa kali na wenzako walikuwa wanapiga makofi.

Huo si utii, ndugu zangu. Ni uvivu uliovaa kanzu ya utii. Nasema kwa ukali kwa sababu sheria ya nchi hii imekupa kiti cha juu na wewe umekaa chini. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ndio chombo cha juu cha maamuzi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25 mnaowaogopa, wako chini ya mkutano huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano. Ibara ya 8 ya Katiba inawataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Mwenye nyumba anabisha hodi kwake mwenyewe, kisha anasubiri kuruhusiwa na mgeni!

Na sisi wa Bonde la Kilombero ndio tusingepaswa kabisa kulala. Hapa kila bikoni ina historia. Miwa ya Kidatu ipo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1992 tulipata Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na kampuni ya misaji upande mwingine. Mngeta kuna shamba la mpunga la zaidi ya hekta 5,000 ambalo limebadilisha mikono mara kadhaa, na wakulima wadogo wakihamishwa kupisha shamba hilo. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde ikaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, ng'ombe wakaswagwa nje ya bonde pamoja na wenyewe. Mengine kati ya haya yana faida, sibishi. Mto Kilombero unalisha Rufiji, na sheshe, swala wetu, ni mnyama asiyepatikana sehemu nyingi duniani. Lakini faida haifuti swali. Mpaka ulipimwa lini? Nani alikuwepo? Muhtasari uko wapi?

Chukueni kuni za Udzungwa. Kwa karibu miaka 20 tangu hifadhi ianzishwe, akina mama wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia kwa siku zilizopangwa kuokota kuni kavu, wakashuka na mizigo juu ya ngata. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafungwa. Mimi ni mtu wa kupenda msitu ule; maji yanayoshuka Sanje na Mang'ula yanatoka humo, na mkulima wa mpunga anayeshangilia mlima ukichomwa amejichomea ghala. Inawezekana kabisa kwamba kufunga kulikuwa sahihi. Lakini mama aliyesimama na kuuliza, "Sawa, tumeacha, sasa tupikie nini, na miti ya kuni ya kupanda vijijini itatoka wapi?" hakuwa adui wa hifadhi. Alikuwa rafiki yake kuliko yule aliyeitikia "ndiyo" mchana na kupenya porini usiku na panga. Mtu aliyeuliza akajibiwa ataitunza sheria hata askari asipokuwepo. Aliyenyamazishwa anavizia doria ipite.

Tuna shule ya kuuliza papa hapa mjini, ila tunaipita kila siku kana kwamba ni ya wazungu. Mwaka 1957 Waswisi walifungua Ifakara maabara ndogo ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1993, kijijini Idete, watoto wetu walichanjwa chanjo ya majaribio ya malaria iitwayo SPf66, kazi ya Manuel Patarroyo wa Colombia, mwanasayansi mwenye jina kubwa duniani. Matokeo yalitangazwa mwaka uliofuata: imepunguza ugonjwa kwa karibu asilimia 31. Watu walishangilia. Je, wanasayansi wenzake walipiga makofi wakaenda nyumbani? Hawakufanya hivyo. Ilijaribiwa upya Gambia, ikajaribiwa Thailand, ikarudi Idete kwa watoto wachanga, na kote huko haikuonyesha kinga. Ikawekwa kando. Heshima ya mkubwa haikuiokoa, wala hakuna aliyefungwa kwa kuihoji. Miaka mingi baadaye zikapatikana chanjo zinazofanya kazi, na watafiti wa taasisi hiyohiyo walikuwamo katika majaribio yake kule Bagamoyo.

Na kuna jambo jingine pale linalonichoma. Mtafiti akitaka tone moja la damu ya mtoto wako, anakaa na wewe, anakusomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, anakwambia una haki ya kuuliza, kukataa, na hata kujitoa katikati ya safari bila kunyimwa matibabu. Tone la damu! Halafu zinagawiwa ekari za babu yako na hakuna anayekusomea kitu, na wewe unaona ni kawaida.

Msidhani mamlaka ni serikali tu. Nani alitunga sheria ya lumbesa? Gunia linashonewa kilemba mpaka linazidi kilo mia, na mkulima wa mpunga, aliyeinama matopeni tangu Januari, analipwa bei ya gunia moja. Lumbesa ni kosa kisheria, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo, na bado tunaitii kama amri ya kumi na moja. Au pale getini: tangu mwaka 2017 mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakivushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia yako sita juu ya Fuso ni ya kwako. Uliza kijana wa geti anakutoza kwa sheria ipi, na ukilipa, dai risiti.

Na wahubiri je? Hapa najileta mwenyewe mbele yenu. Mwaka 1905 babu zetu walichoka na kodi na kazi za shuruti za Mjerumani, na tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro wakalivamia boma la Mahenge. Ujasiri wao naupigia saluti. Lakini walikwenda mbele ya bombomu wakiamini maji ya dawa yatageuza risasi, na boma lile liliwamaliza kwa mamia. Walimhoji gavana, mganga aliyewapa maji hayo hawakumhoji. Mnasema hayo ni ya zamani? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya mchungaji Paul Mackenzie ya kufunga chakula. Walikuwa watu watiifu sana. Wengine walikuwa watoto ambao hawakupewa hata nafasi ya kukataa. Kwa hiyo nikisimama madhabahuni nikakwambia uache dawa za sukari au uuze kiwanja uniletee sadaka, nishike shati uniulize imeandikwa wapi. Nisipokuonyesha, nenda zako hospitali, na kiwanja chako kibaki.

Najua mnachonong'ona. Warumi 13! Mtume Paulo ametuagiza tutii wenye mamlaka. Ndiyo, na Paulo huyohuyo, katika Matendo sura ya 16, alichapwa viboko na kutiwa gerezani Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wakatuma askari aachiwe kimyakimya. Wengi wetu tungeshukuru na kukimbia tukishika viatu mkononi. Paulo akagoma kutoka! Yeye na Sila ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kesi, na sasa watolewe kwa siri? Wakubwa waje wenyewe wawatoe. Wakaja, tena kwa hofu na kubembeleza. Huyo ndiye aliyeandika Warumi 13, na kwake kutii na kudai utaratibu havikugombana. Hata Katiba yetu imeviweka ndani ya ibara moja, ya 26: kwanza wajibu wa kila mtu kutii sheria, halafu haki ya kila mtu kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria hizo. Wanaotukariria nusu ya kwanza tuwamalizie nusu ya pili. Na ndugu zetu Waislamu, ambao tumezikana nao na kuoleana nao katika mji huu tangu zamani, wanayo sura nzima inayoitwa Al-Mujadila, inayofunguliwa na habari ya mwanamke aliyekwenda kwa Mtume kubishania shauri la mumewe. Malalamiko yake yalisikiwa.

Basi mkutano wa robo mwaka ukiitwa, nendeni. Akina mama msikae nyuma. Ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kabla ya ajenda mpya; ombeni mapato na matumizi yasomwe kwa tarakimu, na yabandikwe ubaoni. Karatasi ya mahudhurio ikifika gotini kwako haina kichwa, kiandike wewe: tarehe, kijiji, na ajenda zilizotajwa. Uliza kwa adabu. Anza na "shikamoo" kama mzee anastahili, "mheshimiwa" kama cheo chake ni hicho, halafu uliza jina la sheria na mwaka wake. Anayetukana wakubwa amewapa wakubwa sababu ya kutojibu. Na msimwachie mtu mmoja kazi ya kuuliza kila mara, mkamgeuza kichwa ngumu wa kijiji. Mabinti wale walikuwa watano, leo aanze huyu, kesho yule.

Lipo la mwisho, hofu ya kuwekwa ndani saa 48. Siifanyii mzaha. Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 19 ya mwaka 1997 imempa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, lakini haikumpa kama fimbo ya kumchapa aliyeuliza swali gumu mkutanoni. Lazima pawe na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjwa, sababu hizo ziandikwe, na kabla ya saa 48 kuisha mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Kwa hiyo siku ikitokea, ninyi mliobaki msirudi nyumbani kufunga milango na kusema alizidi kimdomo. Nendeni kituoni mkiwa wengi na watulivu. Ulizeni ametuhumiwa kosa gani. Ulizeni ameandikwa kwenye kitabu saa ngapi, mwangalie ukutani saa ya kituo, na mwanze kuhesabu kuanzia hapo.