Sanduku Lililosubiri Bei

Kisa hiki nakiweka Kikuyu, Dodoma mjini, ingawa kingeweza kukaa Kongwa au Mpwapwa bila kubadilika sana. Baba wa nyumba alikuwa mtu wa reli. Kila zamu ilipompeleka Dar es Salaam alirudi na santuri moja au mbili, akazipanga wima kwenye sanduku la mbao alilolipimia mwenyewe. Jumamosi jioni alizitoa moja moja kwa kuzishika ukingoni, na watoto walikatazwa kurukaruka chumbani sindano ikiwa juu ya santuri.

Miongoni mwa santuri hizo ilikuwamo Ave Africa ya kundi la Sunburst. Asiyelijua kundi hilo asione aibu, maana wengi hatukufundishwa habari zake. Lilikuwa kundi la vijana wa Dar es Salaam waliopiga roki na fanki juu ya midundo ya Kiafrika, wakati ambapo wengine wengi walishika njia ya rumba. Santuri yao hiyo ndefu ilitoka mwaka 1976. Miaka 40 baadaye kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya kazi zao zote za mwaka 1973 hadi 1976, pamoja na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania, ikazitoa upya. Ulaya ilizipokea kwa hamu. Hapa nyumbani waliozikumbuka walikuwa wachache.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya tu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na nyimbo zilizobahatika kuwa santuri kwa kawaida zilichapiwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo santuri iliyoingia Dodoma miaka ile ilikuwa imesafiri mbali, na ikipotea hapakuwa na duka la kuirudia. Hata Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi, hapo jirani tu, aliyeongoza Afro 70 na kufariki mwaka 2004, anatufundisha hilo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirekodi na Waswidi wa kundi la Archimedes Badkar santuri iitwayo Bado Kidogo, ikatolewa Sweden na kampuni ya MNW. Leo anayeitaka nakala ya kwanza ya kazi hiyo ya Mgogo ataanza kuitafuta Stockholm.

Turudi Kikuyu. Baba alifariki, nyumba ikabaki kwa mwanawe wa kwanza. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, vyumba vya kupanga vikawa dhahabu, na kijana akaanza kubomoa na kujenga. Sanduku likahamishiwa stoo ya mabati uani. Shangazi yake alipokuja kusalimia aliliona, akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Lile sanduku la kaka yangu mbona liko huku? Liingize ndani. Yeye alikuwa hathubutu hata kuliweka karibu na dirisha."

"Nitaliingiza, shangazi. Ngoja mafundi wamalize."

Siku moja akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Akaikagua Ave Africa kwa utulivu: akatazama karatasi ya katikati, akasoma namba zilizochongwa karibu na kitovu cha santuri, akageuza jalada kuona kama lina mistari ile ya bei inayosomwa na mashine. Haikuwapo, na jalada la mwaka 1976 halitakiwi kuwa nayo. Akataja bei ya sanduku zima. Kijana akaingia kwenye simu, akaona nakala za kwanza za muziki wa namna ile zinavyouzwa ughaibuni, akakataa. Kukataa hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba tangu siku ile alianza kulinda bei, na santuri yenyewe akaiacha palepale stoo.

Oktoba na Novemba jua la Dodoma halina huruma. Santuri ni plastiki. Huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 60, na hata chini ya hapo hupinda polepole ikiwa imelazwa na kubebeshwa uzito. Mafundi walilaza lile sanduku ili lisianguke, wakalipangia mifuko ya saruji juu yake. Vumbi la saruji likapenya hadi ndani ya majalada.

Mnunuzi wa pili alipopiga simu kwamba yuko njiani, kijana aliitoa Ave Africa, akaona imefunikwa na vumbi, akachukua kitambaa kikavu akaisugua kwa nguvu ili ing'ae. Hapo ndipo aliposaga chembe za saruji ndani ya mifereji ya sauti. Mgeni aliiweka kwenye mashine yake ndogo, ikazunguka ikipanda na kushuka kama sinia lililokaliwa, sindano ikaruka, na palipokuwa na gitaa pakasikika mkwaruzo. Alilipa bei ya jalada.

Kisha akauliza, "Na zile ndogo?" Zile ndogo zilikuwa santuri za nyimbo mbili mbili, za bendi za dansi za mikoani ambazo hakuna kampuni ya nje iliyozitoa upya. Kijana hakuwa ameziona kwenye simu yake, basi akadhani hazina thamani. Watoto wa mafundi walizichezea kwa kuzirusha uani. Nionavyo mimi, hasara kubwa ya nyumba ile ndiyo hiyo. Ave Africa bado inasikika, kwa kuwa watu wa mbali waliiokoa. Zile ndogo pengine hazisikiki tena popote.

Ndugu msomaji, kama kwenu lipo sanduku la namna hii, litoe stoo wiki hii. Zisimamishe santuri wima, mbali na bati na dirisha. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kamwe si kwa kusugua na kitambaa kikavu. Usizipige kwa sindano iliyochakaa, wala usiweke sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke, kama ilivyozoeleka majumbani, maana uzito ule unachimba mifereji. Tafuta mwenye mashine nzima akurekodie kila santuri, kubwa kwa ndogo, na uandike jina la aliyeinunua na mahali alipoinunua wakati shangazi na wajomba bado wanakumbuka. Hayo yakikamilika, ndipo uulize bei.