Sarafu Inakuja

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi bila kuitilia shaka. Sasa nina miaka 74, na ninajiuliza: sinema ambayo watu huirudia mara ishirini, na kuijua kwa moyo kama sala, hupendwa kwa sababu ni nzuri, au kuna jambo jingine?

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu mkoani Shinyanga. Baadhi ya wanachuo wetu walikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi wilayani Kahama, karibu na machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu. Siku hizo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Vituo vilianza 1994. Wachimbaji wadogo walijiburudisha katika vibanda vya video: turubai, mabenchi ya mabanzi, na jenereta likinguruma nje. Nikaambiwa kwamba mwanachuo wangu mmoja hukesha humo badala ya kuandaa masomo. Jioni moja nikaenda kumtoa.

Ilikuwa ikionyeshwa sinema ya Kihindi iitwayo Sholay, iliyotoka 1975. Ni ndefu, zaidi ya saa tatu, na kanda ile haikuwa na tafsiri ya maandishi. Humo ndani hakuna aliyejua Kihindi. Hata hivyo wengi waliyatamka maneno ya jambazi Gabbar Singh kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Kando ya televisheni alisimama mwanachuo wangu, fimbo mkononi, akiwasimulia kwa Kiswahili na Kisukuma.

"Shikamoo, mkuu," akasema kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu, mchimbaji mmoja mwenye udongo hadi magotini akanipisha. "Kaa hapa, mzee. Sarafu inakuja."

Nikakaa, hasira zikinichemka. Jai na Veeru ni marafiki wawili, wezi walioajiriwa kumkamata Gabbar. Kila wanapobishana, Jai hurusha sarafu. Mwishoni risasi zimebaki chache, na lazima mmoja abaki awazuie maadui. Jai anarusha, kura inamwangukia yeye mwenyewe, naye anakufa. Ndipo Veeru anapoitazama ile sarafu akaona pande zake zote mbili zinafanana. Kibanda kizima kilinyamaza. Watu wale walijua tangu mwanzo kwamba sarafu ni ya uongo, na bado wako waliofuta machozi.

Mimi niliona upuuzi mtupu. Niliandika taarifa kali. Kijana akashindwa mazoezi, akaondoka chuoni bila cheti.

Baadaye nilijifunza kwamba hata huko Bombay wahakiki waliibeza sinema hiyo ilipotoka. Lakini watu wakaambiana, na katika ukumbi wa Minerva ikaonyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano. Hata mazungumzo yake, si nyimbo peke yake, yaliuzwa kwenye santuri. Wahakiki walikuwa na hoja, kwani mengi ndani yake yameazimwa kutoka sinema za Kijapani na za Kimarekani. Basi uzuri peke yake hautoshi kueleza mapenzi ya namna hii.

Sisi Wasukuma tulipaswa kulielewa jambo hili mapema. Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa ngoma, mshindi ni yule anayewavuta watu. Mtazamaji hasimami pembeni. Yeye ndiye hukumu yenyewe. Nadhani sinema hugeuka kipenzi cha watu pale inapowapa kazi ya kufanya: kutamka pamoja, kungojea pamoja, kumpisha mgeni na kumwonya kwamba jambo kubwa linakuja.

Lakini kwa nini sarafu? Fikiri, msomaji wangu, juu ya maisha ya machimboni. Mtu hushuka katika duara kwa kamba, na roho yake imo mikononi mwa mwenzake aliye juu. Kupata na kukosa, kupona na kufukiwa, yote huitwa bahati. Na hapo alikuwepo mtu aliyeiibia bahati yenyewe ili mwenzake apone. Nilidhani wanayakimbia maisha yao. Kumbe walikuwa wakiyatazama.

Sisemi kwamba kila kinachopendwa na wengi ni chema. Watu walewale walimshangilia Gabbar pia, na mwalimu hawezi kulifumbia macho hilo. Kazi ya msanii tuipime kwa mizani ya kazi. Ila mapenzi ya watu yana mizani yake, na haki inatutaka tuwaulize kwanza kinawafaa nini kile wanachokipenda. Mimi sikuuliza. Niliwahukumu watu kwa kanda ya video, na kijana kwa kibanda alichosimama.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na kibanda kile hakipo tena. Kijana yule sijamwona tangu aondoke chuoni. Nimekagua mamia ya walimu wanafunzi darasani, na ni wachache mno niliowaona wakiwashika wasikilizaji wao kama alivyowashika yeye jioni ile, katika lugha ambayo hakuna aliyeijua. Ningalikuwa mkaguzi mwaminifu, ningalimpa alama kwa somo lile.