Mlango wa Msitu

Mtu ahamiapo mji mdogo wa pwani, kazi yake ya kwanza ni kutembea. Nami nilipohamia kusini mwa Mombasa nilitembea sana, na kila jioni nilirudi nyumbani na makombe ya baharini mfukoni. Hapakuwa na mtu aliyenikataza, basi nikadhani nimeruhusiwa.

Hata siku moja nikaenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee alinifunga kaniki, akasema, "Mwanangu, humu mtu hatoki na kitu." Nikatii, hata jani lililoanguka sikuliokota.

Njiani nilijiuliza: je, wema ule ulikuwa wangu, au wa mzee aliyesimama mlangoni? Kombe tupu ufukoni ni nyumba ya kaa mwenye tumbo laini, asiye na gamba lake mwenyewe. Nilimnyang'anya makao kwa kuwa hakuwa na wa kumtetea.

Yamkini msomaji atasema kombe moja halipunguzi bahari. Kweli, wala jani moja halipunguzi msitu. Lakini wazee hawakupima hasara ya msitu, walipima tabia ya mgeni.

Kesho yake niliyarudisha makombe ufukoni. Mengine nilikwisha kuwagawia marafiki, nayo hayatarudi. Utii hutaka mlinzi mlangoni. Uadilifu huanza pale ambapo mlango haupo.