Msimwazime Mkubwa Mikono Yenu

Wajukuu zangu wa Rumonge, nisikilizeni. Mkimwona mkubwa kazungukwa na watu wake, macho yenu humwendea yeye. Nawaomba, wanangu, waangalieni waliomzunguka.

Mwambao wetu huu wa Ziwa Tanganyika uliwahi kutishwa na Muhammad bin Khalfan, wa ukoo wa Barwani kutoka Lindi, ambaye watu walimwita Rumaliza. Alishirikiana na Tippu Tip, mfanyabiashara mwenzake wa pembe na watumwa, akaishika Ujiji, na Sultani wa Zanzibar alikuwa nyuma yake. Mitumbwi yake ilipita hapa hadi Uzige, na ng'ambo hadi Uvira, ikitafuta pembe na watu. Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, alimzuia asipande milimani kwake. Maskini waliokaa kandokando ya maji hawakuwa na kinga hiyo.

Ni nani waliochoma nyumba zao? Vijana, umri wenu huu. Wengine walitekwa wakiwa watoto, wakakulia kambini, wakapewa bunduki. Mkubwa hutuma, kijana hunuka moshi.

Kisha ikaja vita na Wabelgiji. Januari 1894, upande wa magharibi wa ziwa, kombora la jeshi la Dhanis, kamanda wao, liliangukia ghala la baruti la Rumaliza, boma likawaka. Wengi waliotoka mbio waliuawa. Maboma yaliyobaki yalikatiwa njia ya maji, na hazikupita siku nyingi kiu ikawatoa watu nje. Zaidi ya watu 2,000 wakatekwa.

Na Rumaliza? Alitoroka, akaingia eneo la Wajerumani. Baadaye alimshtaki Tippu Tip, mshirika wake wa zamani, wakagombania mali kortini. Mali, wajukuu zangu! Wale vijana wa bomani nani aliwadai? Anayekutuma vitani hakuandalii sanda.

Msiniambie hayo ni ya kale. Nchi hii imezika vijana wengi waliobebeshwa silaha na watu ambao watoto wao walikuwa salama shuleni. Mama zao nawajua, bado tunasalimiana sokoni.

Nawasihi, wanangu. Kukamua mawese kunachosha, na zipo siku ndagala hawapatikani, najua. Hata hivyo jioni unarudi nyumbani.

Mtu akikuita pembeni, akakuahidi pesa kwa kazi asiyotaka kuitaja mchana, usiende. Nakuomba, usiende. Njoo kwangu kwanza, hata usiku wa manane, unigongee mlango.