KABURI LISILO NA JINA

Kijana mwenzangu, wewe unayekaa pale bandarini Wesha ukingoja boti, au ukingoja tu siku iishe, soma haya!

Sisi wahubiri tukitaka kutaja mji uliokufa twakimbilia mbali. Twataja Efeso, mji wa wahamiaji wa Kigiriki katika Uturuki ya leo. Mtume Paulo alikaa hapo miaka miwili na zaidi. Bandari ikajaa matope ya mto, bahari ikasogea, watu wakahama. Leo ni magofu. Sawa, lakini mbona tuvuke bahari zote hizo? Toka Wesha, ifuate rasi inayokwenda magharibi mpaka ncha yake, Ras Mkumbuu. Ukajionee mwenyewe.

Utakuta msikiti mkubwa wa mawe, hauna paa. Utakuta makaburi ya nguzo. Mtafiti James Kirkman alichimba hapo miaka ya 1950, na wengine wakaja baada yake. Karne ya 14 huu ulikuwa mji hai. Tena wapo wataalamu wasemao huenda hapa ndipo palipokuwa Kanbalu, alikofika al-Masudi, msafiri wa Baghdad, mnamo 916. Mwaka 916, ndugu yangu! Basi usikubali kuambiwa eti Pemba hapajawahi kuwa na kitu. Na walioujenga hawakuwa wageni watupu. Walikuwa Waswahili, watu wa pwani hii hii.

Hebu simama mbele ya kaburi moja. Mtu hajengewi nguzo kama hakuwa kitu. Huenda alikuwa na jahazi, huenda nusu ya mji ilikuwa na deni lake. Akipita, watu wanamwamkia. Haya, nitajie jina lake! Mimi silijui.

Vijana mnaniambia, "Ngoja kwanza nijenge, nipate na gari, ndipo nitamfikiria Mungu." Yule alikwisha jenga! Kwa mawe na chokaa, siyo makuti. Lakini tazama jambo hili, nami linanitia aibu: jengo kubwa lililobaki pale si duka wala ghala. Ni la sala. Wale hawakungoja.

Nenda siku moja, jua likipungua. Usiokote kigae wala jiwe, viache vilipo. Kaa chini, umtajie Mungu jina lako, lile ulilopewa na mama. La yule wa kaburini Yeye analijua. Kisha mwambie lile jambo unaloliahirisha tangu mwaka jana.