Dhima ya Mwenye Nia Njema

Katika Carry On Teacher, filamu ya vichekesho ya Kiingereza ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Gerald Thomas, yumo William Wakefield, mwalimu aliyetumikia shule yake kwa miaka 20 na anayekaimu ukuu wake, ambaye anatamani kwenda kuongoza shule mpya karibu na alikozaliwa. Na wanafunzi wake, walipoipata habari hiyo, wakaazimia kuivunja sifa ya shule mbele ya wageni waliokuja kuikagua, ili asipewe cheo hicho akawaacha, kwa kuwa walimpenda.

Wako watakaosema kwamba amali hupimwa kwa nia, na nia ya watoto hawa ilikuwa safi. Nami sibishani juu ya usafi wake, maana mtoto asiyejua namna ya kumwambia mkubwa wake “usituache” aghalabu hulia kwa mikono kabla ya kulia kwa macho. Lakini wanazuoni wetu wa dini hupambanua baina ya haki ya Mola na haki ya mja, wakatufundisha kuwa toba ya aliyemdhulumu mwenziwe haitimii mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake, au atakwe radhi naye aridhie.

Basi na tuwatazame walimu. Walitiliwa unga wa kuwasha mfano wa upupu, wakajikuna mbele ya wageni. Wakahangaika kuandaa tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, kisha wakaiona ikiporomoka jukwaani kwa hila za wanafunzi wao wenyewe, mbele ya hadhara. Fedheha ya mtu aliyeitoa kazi yake kwa moyo wote ikachekwa, hiyo si ndogo, hata kama sisi watazamaji tumeicheka.

Wakefield alipoijua sababu, moyo wake ulilainika akaamua kubaki, na msamaha wake naukubali kuwa msamaha wa kweli, kwani yeye ndiye aliyekikosa cheo. Ila yeye alikuwa na fungu lake tu la kusamehe. Fungu la kila mwalimu aliyefedheheshwa halikuwa mkononi mwake hata alitoe kwa niaba yao. Laiti ningekuwa mzazi wa mmoja wa vijana wale, ningemshika mkono jioni ile ile, kabla furaha haijapoa, tukabisha hodi kwa walimu hao, mlango baada ya mlango.